Mwakilishi wa Tembo

Wapiganapo tembo, nyasi hupona. Ni wakikaa kikao ndipo nyasi huumia. Nasema hivi mimi Eunice, katibu wa kikundi cha Pilipili, kijijini Mbalibali, niliyekaa nao.

Kikundi chetu ni akina mama wenye mashamba yanayopakana na hifadhi, pamoja na wazee wachache waliochoka kupiga madebe usiku kufukuza tembo. Tunafinyanga matofali ya kinyesi cha ng'ombe na pilipili, tunayakausha, na mahindi yakianza kubeba tunayachoma pembezoni mwa shamba. Tembo hauwezi moshi ule. Mwaka huu tulitaka pia kamba na oili chafu ya kuzungushia mashamba yote, na mahindi yalishaanza kutoa ndevu. Mfadhili alikuwa tayari kutusaidia. Ila kwanza, akasema, tujengewe uwezo.

Akaja Lusekelo, kijana mpole wa Mbeya, na kadi zake za rangi. Tukakaa ukumbi wa kukodi mjini Mugumu, tukijifunza uchambuzi wa wadau. Alitutaka tumtaje kila anayeguswa na mradi. Tukataja wakulima, askari wa wanyamapori, mwenyekiti wa kijiji. Mama Robi, kiongozi wetu, akataja tembo kwa utani. Lusekelo alifurahi kupita kiasi. Akamwandika tembo kwenye kadi ya kijani, akaeleza kwamba kwa utaratibu wa mfadhili fedha hazitoki mpaka kila mdau aridhie. Nani basi atamwakilisha?

Mzee Mogesi akanyoosha mkono. Alikuwa anaomba kwenda msalani, lakini tulishampigia makofi.

Hapo ndipo tulipokosea, na ni kosa la watu wa huku tu. Kwetu, ukishakubali kumsemea asiyekuwepo, unamsemea mpaka wazee wakifunge kikao. Ukimgeuka katikati, umemsaliti. Lusekelo hakulijua hilo. Jioni alisema tutaendelea wiki ijayo, akakusanya kadi zake, akaondoka. Kikao hakikufungwa. Mogesi akarudi nyumbani akiwa bado tembo.

Mwanzoni tulicheka. Akipita dukani watu walimuuliza wa hifadhini hawajambo, naye alijibu hawajambo, wanalalamikia ukame tu. Halafu akaacha kuchoma matofali shambani kwake, kwa kuwa hawezi kuwafukuza anaowasemea. Tembo wakaingia, wakala nusu ya mahindi yake, nusu nyingine wakailalia. Mkewe alilia. Mogesi yeye alitufuata kutufikishia shukrani za tembo kwa ukarimu wa wakulima.

Kikao kilichofuata kilikuwa cha kuridhia mradi. Wadau wote waliridhia, hadi akasimama Mogesi, koti limepigwa pasi. Alisema watu wake wanapinga. Pilipili inawawasha, na walikuwa hapa kabla ya mipaka. Aliuliza pia posho yao italipwa kwa njia gani.

"Tata Mogesi," akasema Mama Robi, "shamba lako lenyewe limeliwa."

"Limeliwa vizuri," akajibu Mogesi.

Nilimsihi Lusekelo aendelee bila yeye. Akakataa: mdau hanyimwi sauti. Alichoweza ni kuahirisha hadi mwezi ujao, ili kwanza tupewe mafunzo ya kujenga maridhiano. Mwezi ujao hapatakuwa na hindi. Shamba la mama yangu ndilo la kwanza kutoka mpakani, na nyayo zilishafika nyuma ya choo chetu.

"Kaka Lusekelo," nikamuuliza, "huyu ni tembo au si tembo?"

"Kwa madhumuni ya kikao hiki, ni tembo."

"Na wewe, mzee wangu?"

"Mimi ni tembo, binti yangu."

"Haya."

Tulikuwa tumekuja na tofali moja la kuwaonyesha wageni. Nikaliwasha chini ya dirisha linaloingiza upepo.

Mogesi alitoka wa kwanza, kwa mbio ambazo mkewe anasema hakuziona hata alipokuja kumposa. Wakafuata askari wa wanyamapori, mwenyekiti wa kijiji na mama wa chai. Lusekelo alibaki amekumbatia kadi zake, machozi yakimtiririka. Nilimfahamisha kwamba mdau pekee anayepinga ameondoka kikaoni kwa miguu yake mwenyewe, kisha nikaomba wanaoridhia wanyooshe mikono. Akina mama wakanyoosha, khanga puani. Lusekelo naye akanyoosha, labda kuomba maji. Nikaandika kwamba wote wameridhia.

Fedha zikaja. Tukafunga kamba, tukazipaka oili na pilipili, na nyayo zikaishia mpakani.

Sasa ofisi ya mfadhili imesoma taarifa ya Lusekelo na kusikitishwa na mdau aliyefukuzwa kikaoni. Awamu ya pili, ambayo yote ni ya mafunzo, haitatoka mpaka katibu aombe radhi hadharani. Jana wakaniita. Mogesi aliketi mbele kabisa, tayari kupokea radhi kwa niaba ya tembo. Lusekelo alikaa mlangoni. Mama Robi akaninong'oneza, "Omba tu, mwanangu, yaishe. Kwani utapungukiwa nini?"

Nikasimama, nikamwamkia Mzee Mogesi shikamoo, kwa kuwa ni mzee wangu hata akiwa tembo. Akaitikia marahaba, akatega sikio.

"Mahindi ya mama yangu yamesimama," nikasema. "Siombi radhi."