Tishari Ndani ya Ukungu

Injini ya mashua yetu ilizimika katikati ya mfereji mkubwa, na ukungu ulikuwa mzito hata ukingo hatukuuona. Mimi na rafiki yangu Baukje tulikuwa tumetoka mji wa Grou asubuhi ile, tukiwa na mkate, jibini na kelele zetu.

"Shoga, umefanya nini tena?" akaniuliza.

"Sijagusa kitu! Majani ya majini yamejisokota kwenye rafadha."

Ndipo tukasikia honi ya tishari, mojawapo ya yale marefu yanayobeba mchanga na hayawezi kusimama ghafla. Sikujua linatokea mbele au nyuma, maana honi ilisikika kila upande.

Baukje akanyakua pondo, ule mti mrefu wa kusukumia mashua, akaizamisha majini. Haikugusa chini.

"Piga kelele, Jildou! Wajue tupo!"

Nikachukua sufuria nikaigonga kwa kijiko, huku meno yangu nayo yakigongana.

Ukuta mweusi ukachomoza juu yetu. Baukje akaegemeza pondo kwenye ubavu wa tishari, akasukuma kwa mwili mzima. Pondo ikavunjika, mashua ikalala upande, maji ya baridi yakatufika magotini, na lile dude likapita bila kupunguza mwendo.

Mawimbi yake yakatutupa kwenye matete ya ukingoni. Baukje alikuwa akilia na kucheka kwa pamoja.

"Haya, bibi, tutoe majani?"

Nilikuwa nimeyashika matete kwa mikono yote miwili, na sikuthubutu kuyaachia.