Kaza Hapo Hapo

Tangu alfajiri dereva wa teksi alikuwa amelala chali chini ya gari lake, mgongo juu ya gunia, akiitukana boliti. Aliitukana kimoyomoyo, kwa sababu mwenye nyumba alikuwa dirishani akisikiliza. Breki ya gurudumu la mbele ilikuwa imekamata na haitaki kuachia, na gari ambalo gurudumu lake halizunguki haliendi popote. Gari alilinyanyua kwa jeki, akalitegea mawe chini; gurudumu alikwisha kulitoa, akaliegemeza ukutani. Breki yenyewe ilishikiliwa na boliti mbili. Ya kwanza ilitoka bila maneno. Ya pili ilikuwa imefunga ndoa na kutu.

Kwenye kioo cha mbele watu wa halmashauri walikuwa wamebandika stika nyekundu: gari liondolewe barabarani kabla ya jioni, la sivyo litavutwa hadi yadi. Yadi ilijulikana na mtaa mzima. Gari huingia likiwa gari, hutoka likiwa bodi tupu. Na gari hili bovu ndilo lililomlisha yeye, mkewe, watoto wake, na shemeji yake, aliyekuja kutembea akazoea godoro.

"Ingiza bomba," dereva alisema.

Shemeji, aliyekuwa amechuchumaa nje, alichomeka kipande cha bomba la maji kwenye mkono wa spana ili uwe mrefu na wenye nguvu.

"Sukuma kuelekea ukutani. Taratibu."

"Nasukuma."

"Hujasukuma. Umeegemea."

"Shemeji, tangu asubuhi unanisimanga. Nguvu zinatoka kwenye chakula. Chai ya leo haikuwa hata na sukari."

"Ungekwenda kuitafuta yenye sukari. Mlango sijaufunga."

Mwenye nyumba alicheka dirishani. "Mafundi hao. Mafuta yakimwagika hapo mtayalamba. Nyumba yangu si gereji."

"Mama, tuko barabarani. Hatuko ndani ya nyumba yako."

"Barabarani mbele ya nyumba yangu. Ndiyo maana nikawaita wenye barabara."

Hivyo ndivyo dereva alivyojua stika ilikotoka. Kodi yake ilikuwa haijachelewa hata mara moja, na yeye ndiye aliyempeleka mtoto wa mwanamke huyo hospitali kwa gari hilihili, mvua ikinyesha, bila kudai nauli. Vumbi la kutu lilimwangukia jichoni. Alijifuta kwa kiwiko, akazidi kutoona.

Redio ya mwenye nyumba ilikuwa ikihutubia mtaa. Mkubwa mmoja alikuwa akieleza kwamba mafuta yamepanda tena, na kwamba huu ndio wakati wa wananchi kukaza mikanda.

"Wangu umeishiwa matundu," shemeji alisema.

Dereva nusura acheke. Badala yake alipiga kichwa cha boliti kwa nyundo, akaimwagia oili chafu, akaisubiri inywe, akaishika tena kwa spana. "Haya. Ukutani."

Shemeji alisukuma. Safari hii alisukuma kwelikweli, mishipa ikamtoka shingoni. Boliti ikalia, mlio mwembamba kama wa bawaba ya mlango, na dereva akahisi mkononi kitu ambacho alikuwa amekingojea tangu kupambazuka: imecheza. Kidogo sana, lakini imecheza.

"Kaza!" alisema kwa furaha. "Kaza hapo hapo, usiache!"

Shemeji alisita. Asubuhi nzima alikuwa ameambiwa kwamba hasikii anachoambiwa. Sasa alisikia. Alihamia upande wa pili wa bomba, akatanua miguu, akauvutia mwili wake wote upande wa kukaza.

Kilisikika kishindo kimoja kikavu. Bomba likaruka, shemeji akaenda chini kwa makalio. Dereva alibaki na kichwa cha boliti ndani ya spana. Mwili wa boliti ulikuwa umebaki tunduni.

"Umefanya nini wewe?"

"Umesema kaza."

"Kaza yaani jitahidi! Kaza mwendo, kaza roho!"

"Kwenye boliti, shemeji, kaza ni kaza. Ungesema fungua."

Dereva alitoka chini ya gari akiwa na spana mkononi, na shemeji akarudi nyuma. Labda wangepigana. Lakini lori la halmashauri lilikuwa limekwisha kukunja kona, na jua lilikuwa bado halijafika utosini.

Askari aliyeshuka alikuwa amevaa sare iliyopigwa pasi. Dereva alimwonyesha stika. "Mmeandika jioni."

"Hiyo jioni ni ya kwako, mzee. Sisi tuna magari mengi. Rudisha gurudumu tulivute."

"Breki imekamata. Halitazunguka."

"Liburuzwe kwa tairi, lisitukwangulie lami. Funga upesi. Na nati uzikaze vizuri. Likichomoka njiani, faini yako."

Dereva alimtazama, kisha akaitazama spana. Aliichomoa jeki, gari likakaa juu ya mawe. Akaliendea gurudumu, akaliviringisha. Askari alisogea kumpisha, akidhani linaelekea kwenye gari. Liliupita mlango wa gari, likapanda kizingiti cha chumba alichopanga dereva, likaingia ndani, mkewe akalipokea na kulilaza sakafuni.

"Mzee, nimesema ukaze."

"Nimekaza sana," dereva alisema, akamwekea spana juu ya boneti. "Zamu yako."

Shemeji alikuja akakaa kizingitini, akaujaza mlango. Kwa mara ya kwanza siku ile hakuna aliyemwambia amekaa vibaya.

Askari hakuigusa spana. Alipiga filimbi, mnyororo ukafungwa, gari likavutwa. Liliporomoka kutoka kwenye mawe, chuma cha breki kikauma lami, likaenda likipiga kelele hadi mwenye nyumba akafunga dirisha lake.

Mke wa dereva aliuliza gurudumu moja litawafaa nini.

Barabarani ulibaki mfereji mweupe, ukianzia mlangoni pao na kukata kona. Siku hizi mtu akiuliza yadi ya halmashauri iko wapi, watu wa mtaa ule humwonyesha mfereji huo, wakamwambia aufuate.