Tatu Iliyofumba Mdomo

Fundi wa namba alikuwa amepiga magoti kando ya gari jekundu, tepu mdomoni, akipima mlango kwa rula, dada yake mkubwa alipoingia gerejini na bahasha mkononi.

"Nimeachishwa," dada alisema, kama mtu anayesema mvua imenyesha. "Eti macho yangu yamechoka." Akaiweka barua juu ya kopo la rangi, akaenda zake nyumbani.

Kwa miaka kumi na minne dada huyo alikaa jukwaani siku za mashindano, akiandika namba ya kila gari lililopita ili mizunguko ihesabiwe. Na kwa miaka hiyo hiyo mdogo wake ndiye aliyezichora: nyeusi ti juu ya duara jeupe pe, nene, zimesimama wima. Akimaliza namba alirudi nyuma hatua arobaini, akaisoma. Isiposomeka papo hapo, aliifuta.

Halafu ofisi ya mashindano ikapata mdhamini, muuza betri, aliyetaka picha ya betri ijaze mlango mzima. Namba zikasukumwa pembeni, zikafupishwa, zikalazwa upande, zikapakwa rangi ya fedha. Fundi alimwambia katibu wa mashindano bila kuuma maneno: "Hii tatu imejikunja mno. Ikipigwa na vumbi, imekuwa nane."

"Wewe chora, mama," katibu alimjibu. "Ya kusoma tuachie sisi."

Akachora. Jumapili, thelathini na sita na themanini na sita zikapita jukwaani zikifukuzana ndani ya vumbi. Mwenye thelathini na sita, makanika aliyelijenga gari lake kwa miaka miwili, akanyimwa mzunguko mmoja; kutoka wa pili akawa wa tano. Alipiga kelele mpaka sauti ikamkauka. Ilibidi apatikane wa kubebeshwa lawama.

Siku hiyo ya barua, saa sita mchana, katibu alikuja gerejini kukagua. Fundi akamsimamisha getini, akamwomba yule makanika wa thelathini na sita, aliyekuwa ameleta gari lake lichorwe upya, alitoe nyuma ya banda na kulipitisha kwa kasi. Vumbi likatimka.

"Ngapi hiyo?" fundi aliuliza.

"Themanini na sita."

Makanika akazima injini, akatoa kichwa dirishani. "Asante, mheshimiwa. Mzunguko mwingine huo umenilia."

Katibu akajipangusa uso. "Jua limenipiga machoni."

"Na dada yangu lilimpiga nini?"

Katibu akamvuta pembeni, akashusha sauti. "Sikiliza, mama. Chora zako za zamani. Mdhamini nitaongea naye."

"Na barua?"

"Barua imeshapigwa muhuri."

"Andikeni nyingine."

"Tukiandika nyingine itaonekana ofisi ilikosea." Akatazama saa. "Magari manane yanakusubiri."

Fundi alisuuza brashi zake kwa mafuta ya taa, moja baada ya nyingine, akazifunga kwenye kitambaa, akatoka. Magari manane yakabaki na milango mitupu.

Nyumbani, dada yake alikuwa amekaa kwenye kigoda, sinia la maharage mapajani, akiyachambua. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akawaka.

"Umeacha kazi? Una akili timamu wewe? Sote wawili tukae nyumbani, tule nini, hasira zako?"

Fundi alikaa sakafuni, akaegemea ukuta. Maharage yaliendelea kugonga bati la sinia.

"Katibu mwenyewe alisoma ngapi?" dada aliuliza, bila kuinua uso.

"Themanini na sita."

Dada akauma mdomo. Akajizuia, akashindwa, akaangua kicheko mpaka sinia likapinduka na maharage yakatawanyika chumba kizima. Wakainama wote wawili kuyaokota, punje kwa punje, maana ndiyo yaliyokuwepo. Na dada akawa anamwonyesha mdogo wake yale yaliyojificha gizani, kule chini ya kabati.