Begi Juu ya Kiti cha Mtoro

Siku nane nzima Mtoro hakuwa na habari nyingine. Kila aliyekaa kunywa chai kwa dada yake Kijakazi, pale jirani na kituo cha mafuta cha Kibiti, alisimuliwa pikipiki: kwamba Ridhiwani, mwanawe, ana pikipiki kubwa kama ndama wa nyati, kwamba wiki iliyopita alipita nayo akienda Mtwara na wenzake wa kazini, na kwamba kiti chake cha nyuma ni laini kuliko godoro la bwana harusi.

"Nimekikalia mwenyewe," alisema. "Matako yakaniuliza, Mtoro, ulikuwa wapi miaka yote hii?"

"Kaka, wateja wanakula," Kijakazi alimkemea.

"Wale tu. Sijawatajia kitu wasichokuwa nacho."

Jicho la Mtoro la kushoto lilikwisha kuziba, na la kulia lilikuwa linaona watu kama nguo zilizoanikwa kwenye moshi. Miaka thelathini amefunga boriti za mikoko kwenye bandari ya Nyamisati, na siku hizi alifunga kwa vidole tu. Hospitali ya Dar walimpa kadi: Jumatatu, saa moja na nusu asubuhi, apasuliwe mtoto wa jicho. Ila nesi alimkazia kwamba lazima aje na mtu wake, wa kumshika mkono na kumtilia saini. Bila mtu, arudi kwao.

"Mtu mwenyewe si mimi?" Ridhiwani alikuwa amesema siku ile alipopita, akamshika mkono, akampandisha juu ya pikipiki, akampiga picha. "Nikirudi Jumapili nakupitia, baba. Hiki kiti chako."

Basi Mtoro akawa anawaambia watu, "Watoto ninao wawili, mmoja wa jicho na mmoja wa pikipiki. Huyu wa pili ndiye atakayenitolea yule wa kwanza."

Jumapili alivaa kanzu tangu asubuhi. Kijakazi alimfungia vitu vyake kwenye mfuko wa rambo: shuka, kikoi, na kadi ya hospitali ndani ya nailoni yake. Saa tano pikipiki ikaja ikiunguruma, ikazimwa mbele ya banda la chai.

"Shikamoo baba. Shikamoo shangazi."

"Marahaba. Umekuja peke yako?" Mtoro akauliza.

"Wenzangu wako nyuma kidogo."

Mtoro alinyoosha mkono akitafuta kiti chake. Vidole vikagusa kitu kinene, laini, kimetanda kiti kizima kama mgonjwa.

"Hiki nini?"

"Begi la bosi, baba. Keria ya pikipiki yake ilikatika tulipofika Somanga."

"Na mimi?"

"Tutaona, baba, usiwe na haraka. Leteni kwanza huo mzigo wako niutie humu, usipeperuke."

Kijakazi akampa ule mfuko. Ridhiwani akafungua mdomo wa begi, akausokomeza mfuko ndani, akauviringa mdomo na kuubana. Mtoro akatabasamu. Mtu hachukui mzigo wako akakuacha wewe, alijiambia. Begi litahamia kwa mwingine.

Wenzake wakafika, pikipiki nne, vumbi na vicheko. Mmoja akateremka, akavua kofia, akaja moja kwa moja kwenye begi.

"Rizi, limelala tena. Tazama, kona hii imeshagusa ekzosi, inanuka. Humo mna kompyuta yangu, bwana."

"Vibano vya kulishikia kwenye kiti vimekatika, bosi Abdulatifu. Lakini hapa pana fundi." Sauti ya Ridhiwani ilikuwa imebadilika, imepanda juu kidogo, kama ya mtu anayesoma tangazo. "Huyu mzee anafunga boriti Nyamisati. Mzee, shikamoo. Hebu tusaidie kufunga."

Kijakazi, aliyekuwa anamimina chai, akaacha kumimina.

Mtoro alingoja. Lilikuwa limebaki neno moja tu kumalizia maneno yale, na alikuwa tayari kulipokea hata kama lingekuja kwa sauti ya chini. Alingoja mpaka mmoja wa wale wenzake akaanza kupiga mluzi.

"Marahaba, kijana," akasema. "Kija, nipe kamba yangu."

Alikuwa nayo siku zote, kamba ya usumba, nyuzi za kumbi la nazi, amefunga kwayo ndoo yake ya kuogea. Akaanza kazi. Kwanza alilivuta begi mbele mpaka liguse mgongo wa mwendeshaji. "Mzigo ukikaa mbali na wewe unakutikisa kichwa kila kona," alisema. "Ubebe kama mama abebavyo mwana." Akapitisha kamba chini ya kiti, akakwepa ekzosi, akatafuta chuma kigumu cha kukamatia. Vidole vikamfikisha kwenye vikanyagio vya abiria, kimoja kushoto, kimoja kulia. Hapo ndipo miguu yake ilipokuwa imekaa siku ya picha. Akazungusha kamba humo, akavuta kwa goti, akapiga fundo.

"Kija, maji."

"Ya nini, kaka?"

"Lete maji."

Akamwagia kamba kopo zima. Ndivyo boriti zinavyofungwa Nyamisati: usumba ukinywa maji hunenepa, fundo hujiuma lenyewe, na korija ya boriti, ishirini nzima, huvuka mawimbi bila hata moja kuchomoka. Anayenunua upande wa pili hahangaiki kulifungua. Hukata kwa panga. Mtoro hakuwa amepata kufunga mzigo unaotakiwa kufunguliwa, wala siku ile hakulikumbuka hilo. Mikono ilifanya ilichozoea, akili ilikuwa kwingine.

Bosi akalitikisa begi. Pikipiki nzima ikayumba, begi halikusogea.

"Mashallah! Mzee, wewe ni mashine." Akatoa noti. "Chai hiyo."

"Mpe kijana wako huyu," Mtoro akasema. "Akanunue kamba yake mwenyewe, nisije nikafa akakosa wa kumfungia."

Wote wakacheka. Ridhiwani alicheka zaidi yao.

Injini zilipowashwa, akamwinamia baba yake sikioni. "Baba, panda basi la saa tisa usiku. Nitakupokea stendi, wallahi. Yule ndiye anayenipandisha cheo mwezi huu, nisingeweza..."

"Kadi yangu imo humo."

Mtoro akasikia mkono wa Ridhiwani ukigusa fundo, ukilivuta mara moja, mara mbili.

"Kisu kipo," Kijakazi akasema kwa sauti kubwa. "Cha kukatia vitunguu, nimekinoa leo."

"Rizi!" bosi akaita, akapiga honi.

"Nitakuja nayo stendi," Ridhiwani akasema. Akaondoka.

Mtoro akakaa kwenye benchi. Hakuna mteja aliyemuuliza habari ya kiti, na hilo lilimuuma kuliko kama wangeuliza.

Simu iliita baada ya swala ya alasiri.

"Mzee," ilisema sauti ya Ridhiwani, ile ya juu. Mtoro akajua bosi yuko karibu. "Fundo halifunguki. Tumejaribu mpaka na bisibisi."

"Halifunguliwi lile. Kata."

Akasikia kisu kikisaga usumba, kisha mdomo wa begi ukiviringuliwa, kisha sauti ya bosi, yenye kushangaa tu, haina ubaya wowote: "Hizi nguo za nani tena? Na hii kadi ya hospitali? Mtoro Salumu ndiye nani, Rizi?"

Mtoro akaibana simu sikioni. Maneno matatu yalitosha. Hata mawili. Alijikuta anayatamka mwenyewe midomoni bila sauti, kama alivyokuwa akimfundisha mtoto yule kuhesabu boriti: ni baba yangu, ni baba yangu.

"Ni yule mzee wa kamba, bosi," Ridhiwani akasema. "Kasahau vitu vyake."

Mtoro akapapasa kitufe, akakata.

Kijakazi alikuwa amesimama na kitambaa cha kufutia meza mkononi. "Anasemaje?"

"Wamefungua begi. Kadi wameiona."

"Atakupokea stendi?"

Mtoro alikuwa anakunja kipande cha kamba kilichobaki, taratibu, kwa kiganja na kiwiko, kama akunjavyo mtu aliyemaliza kazi ya siku.

"Kesho funga banda," akasema. "Twende wote. Asipoileta kadi, jina langu limo kwenye daftari lao. Nesi akiuliza mtu wangu ni nani, jitaje wewe."

"Na akiuliza kama una mtoto?"

Alitafuta mzaha. Kinywa kilifunguka kwa mazoea, lakini haukuja.

"Mwambie tu, anayesaini ni dada," akasema.