Mchicha Usio na Tundu

Mwantumu alikuwa na tabia moja iliyojulikana Misima nzima: hakumpa mtu maji kabla hajayaonja mwenyewe. Uwe mgeni kutoka Korogwe, uwe jirani uliyekuja kuomba moto, atapiga funda moja mbele yako, ndipo akukabidhi kikombe. Marehemu mama yake alimfunza kwamba mwenyeji asiyeonja ana jambo. Shemeji zake walimtania kuwa ipo siku atayamaliza yote, mgeni abaki kutazama.

Jambo la pili lililompa jina, mwaka wa nne tangu wahamie kijiji cha ujamaa, ni mchicha wake. Majani mapana, hayana hata tundu la sindano. Tuta lake alilichimba nyuma ya ghala la kijiji, mahali wenzake walipopakataa, na yeye alipapenda kwa sababu ambayo mvivu yeyote angeielewa: hapakuota gugu. Hata mchunga, unaojiotea mpaka mlangoni pa mtu bila hodi, pale haukuthubutu. Wenzake wakipalilia viuno vikiwauma, Mwantumu yuko kivulini anasuka ukili.

"Mama Yuditha," alimwita jirani yake Paulina, Msambaa aliyeolewa huku bondeni, "ile ni mboga umepanda au umefuma wavu?"

"Wadudu nao wana matumbo, Mama Hajira. Kwetu mlimani hatuli peke yetu."

"Basi wakaribishe na chumvi!"

Alicheka mpaka akakohoa. Alikuwa na haki ya kufurahi, maana bintiye Hajira alikuwa amejifungua kule Kwamndolwa siku kumi tu nyuma, mjukuu wa kwanza. Mchicha ule Mwantumu hakuugusa hata jani. Mavuno ya kwanza yalikuwa ya mzazi, ale, maziwa yashuke, mtoto ashibe. Kesho alfajiri angepanda basi na kikapu chake.

Jioni ile ndipo bwana shamba Habakuki alipopita akisukuma baiskeli.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Njoo uone mboga, ukawasimulie wenzako wilayani."

Habakuki aliona, lakini hakusifu. Aligeuza jani moja, akageuza la pili. Akaomba jembe, akachimba mara tatu, akainama kutazama udongo.

"Hakuna nyungunyungu hata mmoja," alisema. "Wala sisimizi. Mama, hapa palikuwa nini?"

Mwantumu alijua palikuwa nini. Misimu miwili mfululizo, vijana wa shamba la pamba walikuja hapo kuchanganya dawa na kuosha mabomba yao ya kupulizia, na maji meupe yakamwagwa papo hapo mpaka magugu na mbegu zake vikaungua.

"Lakini wameacha tangu mwaka jana," alisema. "Mvua zimenyesha, pameoshwa. Na mbona unastawi?"

"Dawa ile haikutengenezwa imuue mchicha, mama. Ilitengenezwa imuue anayekula mchicha. Na mvua haiiondoi upesi, inakaa udongoni miaka." Akamrudishia jembe. "Wewe mwenyewe umeuonja?"

Mwantumu, anayeonja maji ya kisima kwa ajili ya mpita njia, alikuwa tayari kumfungia kikapu mzazi wa mtoto wa siku kumi bila kuonja. Aliona aibu, kisha hofu ikaizidi aibu, akakaa palepale kwenye tuta.

Habakuki alichuchumaa karibu yake, akasema taratibu: mchicha ung'olewe wote, usipewe hata mbuzi, ufukiwe mbali na kisima. Pale pasipandwe mboga wala muhogo. Pamba ingefaa, kwa kuwa hailiwi. Tuta jipya lichimbwe kule juu, maji ya ghala yasikofika, na samadi itiwe ya kutosha.

"Nitajuaje kwamba huko ni salama?"

"Kwanza uliza palikuwa nini. Halafu tazama kama mchunga unajiotea."

Walioukuza mchicha wanajua uchungu wa kuung'oa ungali mbichi. Mwantumu aling'oa akiutukana, kisha akajitukana mwenyewe. Alipomaliza kufukia alinawa mara mbili, akaenda uani kwa Paulina na kikapu kitupu.

"Mama Yuditha, naomba mboga ya mzazi."

Paulina alimtazama, akakitazama kikapu. "Ile ya wavu?"

"Ileile."

"Na chumvi nikutilie?"

Lakini alikwenda akamchumia yote, hakumbakizia mumewe hata ya jioni.

Kesho yake kule Kwamndolwa, Hajira alifunua kikapu, akainua jani moja juu, akamchungulia mama yake kupitia tundu.

"Mama! Ndio huu uliokuwa ukinitumia salamu zake?"

"Huu umeonjwa, mwanangu," alisema Mwantumu. "Ule mwingine haukuonjwa na mtu wala mdudu."

Akaupika mwenyewe. Ulipoiva akapakua bakuli, akakaa nalo mbele ya mzazi, akala tonge la kwanza, la pili, la tatu, macho yake yako kwa mtoto.

"Mama," Hajira alisema, mkono ameunyoosha, "utanibakizia?"