Godoro Lililolaliwa

Kamati ya shule ilikuwa ikipita nyumba kwa nyumba, kuhakikisha kila mwanafunzi analala kweli pale alipoandikishwa. Watoto wenyewe walikuwa darasani. Kamati ilitaka kuona vitanda. Mfua nguo aliwasikia wakigonga geti la jirani, na mikono yake ikasimama ndani ya beseni.

Shule ile ilikuwa ndogo. Watoto wa mtaa walibanana dawati moja na watoto wa ng'ambo ya daraja, kwa sababu ng'ambo hakukuwa na shule. Kulikuwa na ahadi ya shule. Wazazi wa mtaa wakachoka, na nani asingechoka, mwanawe akiandikia magotini? Wakaamua kila mtu arudi kwao. Aliyepaza sauti kuliko wote kikaoni alikuwa mwenye nyumba hii yenye geti jeusi.

Na ni yeye huyo aliyemwambia mfua nguo wake, mtu wa ng'ambo, "Mwandikishe binti yako hapa kwangu. Sema ni mtoto wa ndugu yangu, yaishe."

Mtaka cha mvunguni sharti ainame, naye aliinama. Kwanza akaanza kufua bure. Kisha mwenye nyumba akasema mtoto asije akaropoka mbele za watu, bora alale hapa hapa, uongo ugeuke kweli. Kidoti, aliyeitwa hivyo kwa alama yake ya shavuni, akahamia na mfuko wake, akapewa godoro chumba cha stoo. Akafundishwa kumwita mwenye nyumba shangazi, na mama yake mzazi dada, wageni wakiwapo. Kisha msichana wa kazi akaondoka, na mtoto mchanga wa mwenye nyumba akakosa mtu wa kumbeba asubuhi.

"Wiki hii tu, dada," mwenye nyumba alisema. "Nikipata mtu mwingine anarudi darasani."

"Sawa, mama," mfua nguo alijibu. Wiki hiyo tu ikazaa nyingine, na nyingine, mpaka sare ya shule ikawa ndogo kwa Kidoti ikiwa bado kabatini.

Geti likagongwa. Kidoti alifungua, mtoto mgongoni, mikono ina majivu ya kusugulia masufuria.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba," alisema mwalimu mkuu. "Unaishi hapa?"

"Ndiyo, kwa shangazi."

Mfua nguo aliinamia beseni. Muulize, aliomba moyoni. Muulize saa hizi anafanya nini nyumbani. Akaogopa hapo hapo, kwa sababu akiulizwa, mengine yote yangefuata, na Kidoti angerudishwa ng'ambo kuchunga ahadi.

"Huyu wetu kabisa," alisema mwenye nyumba akitokea barazani, khanga mpya begani. "Karibuni mwone anapolala."

Walikwenda stoo. Mjumbe mmoja wa kamati alibonyeza godoro, akacheka.

"Kule juu tumekuta godoro bado limevaa nailoni yake, eti mtoto analalia tangu mwaka jana. Hili limelaliwa."

"Limelaliwa," mwalimu mkuu alikubali. Alimtazama mtoto mgongoni, akatazama masufuria, akatazama saa yake. "Tusichelewe, nyumba bado nyingi. Nafasi yake ibaki."

Alipokuwa akitoka alisimama karibu na beseni.

"Na wewe, mama, ni wa mtaa huu?"

"Hapana, mwalimu. Ng'ambo."

"Una mtoto pale shuleni kwetu?"

Mwenye nyumba aliacha kutabasamu. Kidoti alikuwa kando ya mlango, akimtikisa mtoto taratibu, macho yake kwa mama yake. Mfua nguo alikamua shati mpaka likaacha kutoa hata tone.

"Sina," alisema.

"Afadhali. Maana wenzako leo wanalia."

Wakaondoka, na geti likafungwa. Kutoka shuleni ikasikika kengele, kisha kelele za watoto wakitoka kwenda mapumziko, wa mtaa na wale wa ng'ambo waliokuwa hawajajua bado.

"Kidoti," mwenye nyumba aliita kutoka ndani, "maji ya uji."

Kidoti alichukua ndoo, akaja mpaka bombani, pale mama yake alipochuchumaa. Hapakuwa na mtu mwingine uani.

"Dada," alisema, "nipishe nichote."