Mayai Mazito

Mama mtu alikuwa fundi wa kuvalisha mayai lesi. Si lesi ya dukani, la; ya kufunga kwa vidole, fundo baada ya fundo, kwa uzi mwembamba unaozungushiwa kibao kidogo cha mfupa. Kwanza yai hutobolewa juu na chini kwa sindano, likapulizwa mpaka likabaki ganda tupu. Kisha hufungwa kofia mbili za lesi, zikaunganishwa kiunoni mwa yai lenyewe, na zikishaungana hazivuliki tena ila kwa mkasi. Kilichopulizwa kilikaangwa. Nyumba ile ilikula mayai mpaka paka akakinai.

Aliyebaki naye nyumbani ni bintiye, kitinda mimba. Kaka mtu alitaka kumhamishia mama kwake. "Anasahausahau," alisema kwenye simu. "Leo birika, kesho jiko. Akianza kuharibu na kazi, hakuna mjadala, namchukua." Mama alishasema hataki: kwa mwanawe atakuwa mgeni wa kukalishwa kochini, na bila kazi yake atakufa kwa kuchoka kukaa.

Alasiri moja binti alikuwa akiyapanga mayai kwenye boksi la pamba, ya kupeleka kwa muuza maua. Moja likamlemea mkononi. Akalitikisa sikioni. Limejaa.  Lesi ilikuwa safi, haina fundo lililolegea, lakini yai halikuwa limetobolewa kabisa. Lingeozea kwenye dirisha la duka na kunuka mbele ya wateja. Akayapima yote, akapata mengine mawili.

Mama alikuwa amejilaza chumbani. Binti akajifungia jikoni, akapenyeza sindano kwenye matundu ya lesi, akapuliza polepole mpaka mashavu yakamuuma. Ute ulilowesha uzi; akausuuza kwa maji ya vuguvugu, akaupepea. Yai la mwisho lilipata ufa, bahati nzuri lesi ikausitiri. Vilivyotoka akavimwaga kwenye sinki, maana sahani ya mayai ingezua maswali. Kaka asingejua, mama asingejua. Akajiona mjanja kweli.

Alipofungua mlango, mama alikuwa ameketi mezani.

"Ulikuwa unapuliza," mama akasema.

"Nilikuwa napoza chai, mama."

"Chai haipulizwi hivyo. Mimi nilianza kupuliza mayai wewe hujazaliwa."

 Binti aliona aibu, kisha akaona huruma, na huruma ndiyo iliyomuuma zaidi.

"Kaka yako usimwambie kama hutaki," mama akaendelea. "Lakini mimi usinifiche, mwanangu. Ukiwa unanisahihishia kimyakimya, nitajuaje nimefika wapi?" Sauti yake ilikuwa ya kawaida tu, kama anayeulizia chumvi. "Yalikuwa mangapi?"

"Matatu."

Mama akavitazama vidole vyake.

"Mimi nilidhani moja," akasema.